Baba Mkwe, Nimelala Chini ya Mashine

Baba,

Shikamoo. Naisema nikiwa nimekaa kwenye kiti, sijachuchumaa, sijajificha nyuma ya mlango, na hakuna mtoto wa kuipeleka. Hilo peke yake linanitia aibu. Miaka yote niliyoishi nyumbani kwako hapa Kimara hukuwahi kupokea salamu yangu moja kwa moja, maana kwetu mkamwana na baba mkwe hawasemeshani. Nilikuwa nasema, "Lusajo, mwambie babu shikamoo," na wewe, uliyekwisha kusikia kila neno, ulikuwa unamjibu mtoto, "Mwambie mama yako marahaba, na umwambie chai imepoa." Lusajo alikuwa anacheka na kukimbia huku na huku kuifikisha habari ambayo kila mtu alikuwa nayo tayari.

Leo sina wa kumtuma. Na hata ningekuwa naye, nililonalo si la kumtuma mtu. Jina lako sitaliandika, mwiko huo bado naushika. Lakini nitakuita wewe, nitakwambia nilichofanya, na ukikasirika nitakuwa nimestahili.

Nianze na habari za nyumbani. Tulikupeleka Tukuyu kama ulivyotaka. Mvua ilinyesha tangu tunafika, gari lililobeba jeneza likakwama kwenye utelezi, wanao Gwamaka na Lugano wakavua viatu wakalisukuma na suti zao. Ungewacheka. Kabla ya safari, hapa mjini, watu walipanga mstari kanisani kukuaga. Ilipofika zamu yangu nilipita nimegeuza uso. Dada mmoja wa kwaya alimnong'oneza mwenzake kwamba huyu mkwe ana roho ngumu. Baba, sikuwa na roho ngumu. Ulikuwa umelala, na mkamwana hamtazami baba mkwe aliyelala. Ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu, naye na mama yake, na sikuona kwa nini nianze kukiuka siku ile ya mwisho. Kwa hiyo sura yako naijua vipande vipande tu: sikio, kofia, mvi za kisogoni, mikono. Mikono yako naijua kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Mama, mke wako, hajambo. Anakula kidogo. Mume wangu Gwamaka amerudi kwenye lori, mara Tunduma, mara bandarini, unamjua mwanao, msiba anaumalizia barabarani. Nami nimebaki na Mama, Lusajo, na banda lako la mabati lililojaa mashine za watu.

Baada ya kuanua matanga walikaa kikao. Lugano ndiye aliyeanza, na sikumlaumu, maana alisema lililokuwa vichwani mwa wengi. Alisema fundi amekufa, banda la nini? Lipangishwe mtu wa vinywaji. Akasema, "Shemeji anajua kufungua boliti na kufunga, sikatai. Ila mteja anataka fundi, hataki msaidizi wa fundi." Nilikuwa nje nasikiliza na sufuria mkononi, nikahisi uso umeniwaka. Gwamaka alijitahidi kunitetea lakini yeye mwenyewe hajawahi kuniona nikifanya kazi, akaishia kusema ninajituma. Mama ndiye aliyefunga maneno. Alisema kuna ile mashine ya hoteli ya Kunduchi, marehemu aliahidi kuitengeneza, basi Mama Lusajo aikamilishe. Akiiweza, banda libaki. Akishindwa, mfanye mnavyotaka.

Hivyo banda lako, Baba, na kazi uliyonipa, vyote viliwekwa juu ya mashine moja ya kukata nyasi. Ile nyekundu ya kukalia, yenye usukani, ambayo ulikuwa unaiita bibi harusi kwa sababu haikosi kuugua shughuli ikikaribia.

Wakati mwingine najiuliza kama ulijua kwamba unanifundisha. Mimi nilikuja bandani kukuletea chakula tu. Macho yako yakaanza kuingia ukungu, ukawa huwezi kusoma namba ndogo zilizochongwa kwenye beringi, na mtoto alikuwa bado hajajua kusoma. Siku moja ulimwambia jenereta, "Wewe jenereta, laiti kungekuwa na mtu wa kunisomea namba yako." Nami nikamjibu jenereta. Nikamsomea namba zote nikiwa nimesimama nyuma ya pipa. Kesho yake nilikuta umeweka stuli katikati ya banda, na ile stuli ndiyo iliyokuwa mpaka wetu. Unaweka spana juu yake, unaondoa mkono, ndipo nami naichukua. Unakumbuka siku mikono yetu ilipofika kwa pamoja, tukashtuka wote wawili, spana ikakuangukia kidole cha mguu? Ulisema "Yesu wangu!" ukaruka na mguu mmoja, halafu ukaiambia mashine iliyokuwa mbele yako, "Umeniumiza, lakini sikulaumu." Nilicheka mpaka nikatoka nje. Nakumbuka nilikusikia na wewe ukicheka mle ndani, peke yako.

Ndivyo ulivyonifundisha kila kitu, kwa kuzisema mashine. "Wewe, mkanda wako umeng'aa mbavuni, maana yake umekuwa unateleza ndani ya puli, hilo gurudumu lako la kuuzungusha." "Wewe, mkanda umeliwa upande mmoja, puli zako hazitazamani." "Wewe, springi yako imechoka, mkanda umelegea, ukipanda mwinuko utawaka moto." Nilikuwa najibu, "Mashine, nimekusikia." Wateja walidhani tumerukwa na akili. Mimi nilikuwa najiona nimesoma chuo.

Ila kulikuwa na wakati mmoja nisiokuwepo, ingawa nilikuwepo. Ukitaka kuingia chini ya mashine ulikuwa unakohoa. Nikisikia kile kikohozi nageukia ukutani, maana ulikuwa unalala chali, na sikuwa na ruhusa ya kukuona umelala. Hata kule Kunduchi, kwenye uwanja wa watu, nilikuwa nageukia baharini. Nilikuwa nasikia unaguna, nasikia unavuta pumzi, na nikajisemea moyoni kwamba mzee anapumzisha mgongo. Nilikuonea huruma. Kuna siku nilimwambia Mama akutafutie dawa ya kuchua.

Dawa ya kuchua, Baba. Sasa nikikumbuka natamani ardhi ipasuke.

Mzee Shomari, msimamizi wa bustani ya hoteli, alipiga simu hata kabla hatujatulia na msiba. Alitoa pole, akakuombea, kisha akasema mashine inanuka mpira ulioungua na pale hotelini kuna harusi inakaribia. Nilikwenda. Lugano ndiye aliyenipeleka na kile kigari chake cha mizigo, nafikiri Mama alimwambia anisindikize, au alitaka kujionea mwenyewe. Niliinua kiti, nikafungua bati la kukanyagia, nikautoa mkanda. Ulikuwa umekauka, umepasukapasuka. Nikaona jambo ni jepesi. Nikafunga mpya wa namba ileile, nikamwambia Mzee Shomari ni uzee wa mkanda tu. Nilimwambia kwa sauti ambayo Lugano angeisikia.

Wiki haikuisha, simu tena. Harufu ileile.

Mara ya pili nilijiandaa. Tulifika asubuhi mapema kabla jua halijachoma. Niliondoa nyasi zote zilizogandamana kuzunguka puli, nikabadilisha springi, nikahakikisha breki inaachia sawasawa, maana ulishawahi kuisema mashine moja kwamba inakimbia huku imejishika yenyewe. Nikatia kidole kutoka juu, nikazungusha kila puli niliyoifikia. Zote zilizunguka vizuri. Mbavu za mkanda wa zamani zilikuwa na hali nzuri tu, kwa hiyo nikajua hautelezi. Nikafunga mkanda mwingine. Nilijisikia fundi, Baba. Nilifuta mikono polepole ili watu waone. Nikamwambia Mzee Shomari, "Imepona hii, harusi yenu haina wasiwasi."

Kulikuwa na maharusi watarajiwa wanapigwa picha upande wa baharini, bibi harusi na gauni lake, wapambe, mpiga picha amepiga goti. Kijana wa bustani akaikalia mashine, akakata mstari wa kwanza, wa pili, vizuri kabisa. Alipogeuza kuja upande wetu niliona moshi kabla ya kusikia harufu. Ulitoka chini ya kiti mweupe, halafu ukawa mweusi, na upepo wa bahari ukauchukua wote ukaupeleka kwa wale maharusi. Kijana aliruka. Bibi harusi alianza kukohoa, wapambe wakamkinga kwa mikono, mmoja akauliza kwa sauti, "Nani katengeneza hiki kitu?" Na yule kijana, bila ubaya wowote, akaninyooshea kidole.

Nilikuwa nimeshika spana. Sikujua niifiche wapi. Nilifungasha vifaa vyako ovyo ovyo, bila kuvipanga kama ulivyokuwa unavipanga, nikaelekea getini nikiwa nimeinamisha kichwa. Nyuma yangu nilisikia mtu anasema, "Si ndiyo alikuwa anakuja na yule babu? Kumbe alikuwa mbeba mkoba." Lugano aliwasha gari. Akafungulia redio, nami nikaona ni bora angenitukana. Sikuona aibu kwa ajili yangu tu. Niliona nimelipaka tope jina lako mahali ambapo ulikuwa unapokelewa kwa heshima.

Jioni ile nilifunga banda mapema. Nilimwambia Mama kazi inaendelea vizuri. Alinitazama, akaendelea kuchambua mchele.

Mzee Shomari alipiga tena. Alisema uongozi unataka kuleta fundi mwingine, lakini yeye ameomba nijaribu mara moja, kwa heshima ya marehemu. Hayo maneno yalinikata. Lugano aliposikia alisema, "Sawa, twende tukamalize." Nilijua anamaanisha tukamalize habari ya banda.

Tulipofika sikufungua hata mkoba. Nilikaa tu kwenye nyasi nikaitazama ile mashine. Mzee Shomari alikuja akasimama karibu, kofia yake ya vito mkononi, akajipepea nayo. Akasema, "Mama Lusajo, mie sio fundi, nakuuliza tu. Mbona huipandishi pale?" Akanionyesha yale matofali ya zege na mbao nene pembeni ya stoo. Nikamwuliza pale pana nini. Akashangaa. "Babu alikuwaga anaitoa jasho kwanza. Anaiendesha mpaka kule kwenye minazi, anarudi nayo mbio, anapandisha matairi ya mbele kwenye zile mbao, anazima, papo hapo yuko chini. Hangoji ipoe. Akitoka huko keshajua. Kwani wewe si ulikuwa hapahapa? Hukumwona?"

Nikamjibu, "Nilikuwa nimegeuka."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Akatikisa kichwa, akasema nyie watu wa Tukuyu mna mambo. Hakucheka. Wale vijana wa bustani ndio waliocheka, na mimi nilitaka kujificha ndani ya ule mkoba wa spana.

Itoe jasho kwanza. Baba, nilikusikia ukiyasema hayo maneno, na si mara moja. "Wewe mashine, toka jasho kwanza ndipo tuzungumze." Nilidhani unatania. Nilikuwa nacheka kule nilikogeukia. Nikajibu, "Mashine, nimekusikia," nawe ukaamini kwamba nimeelewa. Kumbe siku zote hizo ulikuwa unakohoa, unaingia kwenye joto lile na mifupa yako ya uzee, na mwanafunzi wako anatazama bahari.

Nikainuka. Nikajua linalotakiwa, na nikajua siliwezi. Nilikuwa na gauni. Kulala chali na gauni chini ya mashine mbele ya wanaume, mbele ya shemeji, wageni wanapita na taulo mabegani. Nilimwangalia Lugano. Akasema, "Shemeji, twende nyumbani. Hamna atakayekusema." Alisema kwa upole, ndiyo maana sikutaka kumsikia.

Nilifungua mkoba wako mkubwa kutafuta kanga ya kujifunga. Chini kabisa nikaikuta ovaroli yako. Ile ya bluu, uliikunja mwenyewe, kola ndani.

Unajua hatujawahi kugusa nguo zako sisi wakamwana. Hata kuzifua alikuwa anafua Mama. Kitanda chako sijawahi kukitandika, kiti chako sijawahi kukikalia. Na mimi niliingia kwenye choo cha wafanyakazi wa hoteli, nikavua gauni, nikaivaa ovaroli ya baba mkwe wangu. Ilinuka petroli na sabuni ya kipande. Mfukoni mlikuwa na maganda ya karanga. Mikono ilinifunika vidole, miguu ikaburuta, nikaikunja. Nililia mle chooni, tena si kwa huzuni. Nililia kwa aibu, nikiogopa kwamba popote ulipo umegeuka ukaniona.

Nilipotoka, Lugano aliniona wa kwanza. Alisema polepole, "Shemeji. Hiyo ni ya Baba."

Nikasema najua.

Nilimwomba Mzee Shomari aiendeshe mwenyewe mpaka kwenye minazi, arudi nayo mbio. Aliirudisha inaanza kunuka. Akapandisha matairi ya mbele kwenye mbao, akazima, akavuta breki. Nikachomoa waya wa plagi. Kisha nikalala chini, Baba. Nikalala chali mahali ulipokuwa unalala, na nikajivuta ndani.

Joto lilinipiga usoni. Mara ya kwanza sikuona kitu, machozi na jasho vilikuwa vinanichoma. Nikatulia. Nikasogeza kidole kwenye puli ya nyuma, vuguvugu. Ya injini, moto wa kawaida. Ile kubwa ya kati, vuguvugu. Nikafika kwenye ile ndogo bapa, ile inayoukandamiza mkanda kwa mgongo ili ukaze, na kabla sijaigusa nilihisi joto lake. Niliigusa nikaungua. Nikaishika kwa tambara, nikalegeza mkanda, nikajaribu kuizungusha. Imegoma. Nikalazimisha, ikasogea kidogo kwa mkwaruzo, kama kuna mchanga ndani. Asubuhi, ikiwa baridi, ilikuwa inazunguka bila shida. Ikishapata moto beringi inashika, puli inasimama, na mkanda unakimbia juu ya chuma kilichosimama. Mikanda yote ile nilikuwa namlisha huyu mmoja. Chumvi ya bahari ilikuwa imemla kwa ndani.

Nikamwambia Mzee Shomari anipe ule mkanda ulioungua. Nikaugeuza. Mbavu safi, mgongo unang'aa kama kioo. Mimi nilikuwa naangalia mbavu tu.

Nikasema kwa sauti, bila kufikiri, "Wewe mashine, kumbe ni huyu."

Tuliifungua ile puli, tukaenda nayo Manzese mimi na Lugano. Njia nzima nilikuwa nimevaa ile ovaroli, maana gauni nilikuwa nimelisahau chooni. Fikiria. Nashuka Manzese kwenye maduka ya vipuri na nguo ya baba mkwe, watu wananiita fundi, nami kila wakiniita nainamisha kichwa. Muuza beringi mmoja aliyekuwa anakufahamu alinitazama kifuani, palepale ulipokuwa unachomeka kalamu. Alinipa beringi yenye kizibo pande zote isiyoingiza chumvi. Sikuomba, alinipa tu.

Tuliporudi Kunduchi nilifunga kila kitu. Mzee Shomari akakata uwanja mzima mpaka kule baharini. Alipozima nililala tena chini, nikagusa puli moja baada ya nyingine, zote vuguvugu sawasawa. Alipiga makofi. Vijana wakapiga makofi. Mimi nilichukua gauni langu nikaenda kukaa garini. Ulikuwa ushindi wako na wangu, na sikuweza kuufurahia kwa sababu nilikuwa nimeuvalia nguo zako.

Njiani Lugano aliuliza swali moja tu. "Mama tumwambie nini?"

Nikamwambia amwambie anachotaka. Na alimwambia. Sikumchukia, ni haki ya mama kujua. Nilikuwa jikoni nikasikia, "Mashine imepona, Mama. Ila mkamwana wako amevaa nguo za Baba, amelala chini nazo mbele za watu, tumezunguka nazo mpaka Manzese." Nikasubiri. Nilisikia kiti cha Mama kikisogea, mlango wa chumba chenu ukafungwa.

Sikula. Niliifua ile ovaroli, nikaianika nyuma ya nyumba, nikaifunika kwa shuka ili majirani wasiione. Nilijua kinachokuja. Nitaitwa, wataitwa wazee wa upande wetu, nitaambiwa nimevunja heshima ya mji, na banda litakwenda kwa mtu wa vinywaji. Na nilijiambia sitajitetea, kwa sababu hata mimi nilikuwa upande wao. Usingizi sikuupata. Kila nikifumba macho naona ile bluu.

Asubuhi nilikwenda kuianua nikakuta kamba tupu. Shuka limekunjwa vizuri juu ya ndoo. Nikaona basi, Mama ameichukua, ameichoma au ameificha mahali ambapo mkono wangu hautafika tena, na anayo haki.

Nilimkuta barazani. Alikuwa amekaa mkekani, miwani puani, mkasi kando, ovaroli yako magotini. Alikuwa ameshaukata mguu mmoja. Kipande cha kitambaa kilikuwa sakafuni, kile cha chini chenye doa la grisi. Nikasimama mlangoni. Hakuinua kichwa. Alitia uzi kwenye sindano, akakosa, akatia tena.

Akasema, "Miguu mirefu hii. Utajikwaa."

Halafu akasema, "Njoo usimame hapa nikupime huo mwingine."

Nilikwenda nikasimama, Baba. Alinipima kwa viganja, kuanzia kiunoni mpaka kifundoni, akaweka alama kwa chaki ya kushonea, akaukata. Lugano alitoka ndani na kikombe chake cha chai, akatuona, akasimama. Mama akamwambia aende akafungue banda, watu wa jenereta wanakuja saa tatu. Akaenda.

Labda ulidhani nitakwambia aibu imeniisha. Haijaniisha. Angenifukuza ningejua pa kuiweka. Lakini mke wako alikata nguo yako kwa mikono yake ili inienee mimi, mbele ya mwanawe, na mimi bado sijajua niuweke wapi uso wangu. Naivaa kila siku. Kila nikifunga vifungo naomba radhi. Nikisikia mtu anakohoa nashtuka nageuka, kisha nakumbuka ni mimi ninayetakiwa kuingia chini.

Naingia, Baba. Kila mashine naitoa jasho kwanza. Na nakuahidi jambo moja, hata kama litawaudhi wazee wa Tukuyu. Lusajo atakua, ataoa, na yule binti akija bandani nitaweka stuli katikati kama ulivyofanya wewe, nitamheshimu na ataniheshimu. Lakini siku nikikohoa ili nilale chini ya mashine, nitamwambia kwa sauti, moja kwa moja, bila kumpitishia mtu: mwanangu, usigeuke. Nitazame.

Pumzika, Baba. Huko uliko usinisubirie niirudishe ovaroli yako. Imeshakatwa, na hata ungerudi leo isingekufaa.

Ni mimi, mkamwana wako.